Mfuko wa Mama Dengu

Mama yangu, uliyelala Butembo na moyo ukiwa bado Mangina,

Nimekaa kwenye kigoda chako, kile chenye mguu mmoja mfupi, na sufuria iko motoni tangu asubuhi. Nimetoka sokoni mapema kwa sababu mgongo umekataa. Usianze kuniambia nilale, maana nikilala nani atachochea moto? Nimeona afadhali nikuandikie. Kuna jambo lako moja limenihangaisha mwaka huu mpaka nimechoka nalo, na wewe ndiye uliyeniachia. Ni ule mfuko.

Najua hujausahau. Ungesahau jina langu kabla ya kuusahau mfuko ule.

Nakumbuka tulivyofika Beni kutoka kwetu Mangina, tukikimbia vita, na yale tuliyoyaona nyuma yetu tukiwa tumekubaliana tusiyaseme. Tulilala katika darasa la shule pamoja na familia nyingine, chini ya ubao wenye somo ambalo mwalimu hakupata nafasi ya kulifuta. Watu walikuwa wamekimbia na magodoro, simu na mbuzi. Wewe ulikimbia na bidoni, dumu la plastiki, lililojaa majivu. Njiani nilikuona umeikumbatia kifuani nikadhani akili imekuruka. Kumbe ndani ya majivu yale ya jikoni kwako zilikuwa zimelala mbegu zako za maharagwe, zile nyekundu zenye madoa meupe, ili wadudu wasiziguse mpaka turudi shambani. Hukuzitoa hata kidogo kwenye bidoni, hata siku tulizolala na maji tu tumboni. Nilikukasirikia sana siku hizo, na wewe ulijifanya huoni.

Halafu ikaja siku ya kugawa chakula. Tukapewa mfuko mweupe wenye bendera ya nchi ya mbali na maandishi ambayo hakuna mtu darasani aliyeweza kuyasoma. Ndani mlikuwa na punje za njano, ngumu kama changarawe. Papa Sadiki, yule mfanyabiashara Mwislamu wa Beni aliyekuwa akituletea maji kwa gari lake, ndiye aliyetuambia zinaitwa dengu. Alizijua kwa sababu huko kwenye bendera ile ndiko anakonunua vitambaa vyake. Jina la nchi alikutajia, ukalijaribu mdomoni mara moja, ukaligomea. Tangu siku hiyo, nchi nzima ukaiita kwa Mama Dengu.

Maana wewe hukuamini kwamba chakula kinatoka kwa serikali. Ulimwaga dengu kwenye ungo, ukainama, ukauliza:

“Hii ni mama gani aliichagula?”

“Mama, hii inachaguliwa na mashini,” nikakujibu, nikiwa na njaa na sina hamu ya mazungumzo.

Ukaendelea kupekua kwa kidole. Mara ukanyanyua kitu kidogo cheupe, ukakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kifungo cha blauzi.

“Mashini inavaaka blauzi?” ukaniuliza. “Ni mutu, Kavira. Kifungo yake ilianguka, na hapana jua ilienda wapi. Masikini.”

Tukiwa hatuna nyumba, hatuna shamba, hatujui hata tulale upande gani wa darasa, wewe ulikuwa unamwonea huruma mwanamke wa ng'ambo aliyepoteza kifungo. Ulikishona kwenye blauzi yako ya kanisani, katikati ya vifungo vya kahawia, na hukutaka kusikia kwamba hakifanani. Umezikwa nacho. Masista waliokuvisha waliniuliza kama wakibadilishe, nikawaambia wakiache hapo hapo.

Dengu zenyewe zilitutesa. Zilimaliza makaa yote na bado zilikuwa zinagongana sufuriani. “Huyu mama iko na meno ya chuma,” ulisema, nasi tukacheka mpaka wenzetu darasani wakatugeukia. Sikumbuki kama tulicheka tena mwaka ule.

Chakula kilipokwisha, ukaufua mfuko, ukaukausha, ukaukunja kama kitambaa cha altare. Nilikuuliza wa nini. Ukanishangaa. Ulitulea hivyo: jirani akikuletea mboga kwenye kitunga, kitunga chake hakirudi bila kitu ndani. Kama huna kitu unatia chumvi kidogo kwenye jani, au kijiti cha kuni, au yai kama kuku amekubali. Nilidhani desturi hiyo inaishia pale kijiji kinapoishia. Wewe hukuiwekea mpaka. Ulikuwa unangoja turudi Mangina, uvune kwenye shamba lako mwenyewe, uujaze mfuko, umrudishie Mama Dengu chombo chake. Papa Sadiki alipokuwa akisafiri ulimtania kwamba siku moja utambebesha, naye alikuwa akikimbia kwa kicheko, akikuita bibi kwa neno lake: “Koko, nitampatia nani? Kule ni batu mingi kupita Beni!” Wewe ukamjibu kwamba mwenye mfuko atajulikana.

Tukahamia Butembo. Mfuko ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, bidoni ikawekwa chini yake. Kila msimu wa kupanda ulikuwa ukiuliza habari za barabara ya Mangina, na kila msimu jibu likawa lile lile. Siku zako za mwisho ulinishika mkono, nikainama nikidhani utanipa baraka. Ukaninong'oneza:

“Ile mufuko, Kavira. Na mbegu hapana kula.”

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yako ya kuniaga, mama. Wenzangu waliachiwa baraka, mimi nikaachiwa kazi.

Ulikuwa umeshalala wakati redio iliposema kwamba ardhi imetetemeka kwa Mama Dengu. Nyumba ziliwaangukia watu wakiwa ndani, na waliotoka walikuwa nje kwenye baridi, wamejifunika chochote. Nilikuwa nachambua mchele. Mkono wangu ukasimama, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kile kifungo. Nilijiuliza kama yule mwanamke wako alitoka.

Baadaye redio ikasema tena: serikali yetu itatuma msaada kule. Mahema, mablanketi, unga, kwa ndege. Na miji yetu nayo imeombwa ichange, kila mtu anachoweza, vipelekwe kwenye ghala moja hapa Butembo. Masika alikuwa amekaa nami uani. Unamkumbuka Masika, shamba lake lilipakana na lako kule Mangina. Sasa anaishi na watoto wake kwenye kile kibanda chetu cha nyuma, na juu yake kuna bashi, turubai la plastiki, iliyotoboka. Alisimama ghafla, mikono kiunoni.

“Serikali? Hii yetu hii? Inatuma mahema? Mimi ninalala chini ya bashi yenye inavuya, na bao banatuma mahema ku Bulaya! Na sisi, tutetemekeshe nini juu batuone?”

Nilimwambia ana haki, na haki anayo. Mimi pia nilikasirika, mama, sitakuficha. Nilikasirika mpaka nikazima redio. Hapa watu wanakimbia kutoka kijiji hadi kijiji miaka nenda rudi, na sijawahi kusikia ndege ikipakiwa kwa ajili yao kwa haraka namna ile. Lakini nilipoingia ndani kuweka mchele, jicho likaenda lenyewe kwenye msumari. Mfuko ulikuwa umening'inia pale na bendera yake, umekunjika vizuri kama ulivyouacha. Nikaketi kitandani, na nikajua kwamba nitakwenda nao ghalani.

Ila nitie nini? Ungekuwepo tungegombana hapo. Maharagwe ya soko sikuweza. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kwenye nyumba ya kilio hupeleki maharagwe ya kununua jioni ile ile. Unapeleka yale uliyoyachagua kwa mkono wako punje kwa punje, kwa sababu mfiwa hana macho ya kutafuta mawe. Na yaliyochaguliwa hivyo, nyumbani kwetu, yalikuwa yale ya bidoni tu. Uliniambia nisiyale. Hukuniambia nisiyatoe. Ndivyo nilivyojitetea, na najua ni utetezi wa mtoto. Kuyatoa kulikuwa sawa na kusema haturudi. Nilibakiza kidogo chini ya bidoni, ya kudanganya moyo, na mengine nikayamimina kwenye mfuko pamoja na majivu yake. Haukufika hata nusu.

Ghalani watu walikuwa wengi. Kulikuwa na katoni mpya za sabuni, mabunda ya mablanketi bado yakiwa kwenye nailoni, magunia yaliyoshonwa kwa mashine. Nikaufungua mfuko mbele ya bwana mmoja wa miwani aliyekuwa akipokea vitu. Akaingiza mkono, majivu yakaruka, akapiga chafya hata miwani ikamshuka. Watu nyuma yangu wakacheka.

“Mama, hii ni nini?”

“Ni maharagi ya mbegu. Ya mama yangu.”

“Mais, lakini, iko na majivu.”

“Njo inaichungaka, wadudu basiikule.”

Akaangalia kushoto na kulia, akanisogelea. “Mama, mimi ni mutoto ya kijiji, ya Kipese. Mama yangu naye anachungaka mu majivu. Mimi minajua. Mais ku avion, ku ndege, bataona buchafu, bataitupa inje. Donc, basi, osha, kausha, urudishe kabla kamio, ile lori, iende. Na tutaiweka mu mufuko mupya.”

“Mufuko njo lazima iende,” nikasema.

Hapo ndipo aliposoma ile bendera. Akaitazama, akanitazama. “Unataka kubatumia mufuko yabo?”

“Ndiyo.”

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akachukua muda mrefu kuifuta. “Haya, mama. Osha kwanza.” Hakuwa mtu mbaya, na nilimwona naye kachoka kama mimi.

Nikaosha. Masika alinisaidia huku akinung'unika kwamba sisi ni wapumbavu wawili tunaowaoshea matajiri maharagwe. Majivu yako yakatoka yote, maji yakawa ya kijivu, tukayamwaga kwenye mfereji, na mimi nikayafuata kwa macho mpaka yalipoishia. Halafu ikaja mvua ya Butembo, ile unayoijua, inayoanza kwa manyunyu kama inaomba ruhusa na kisha inakaa kama mgeni asiyeaga. Tukayaanika chini ya ukingo wa paa, tukayahamishia jikoni karibu na moto, mengine nikayatandaza juu ya kitanda changu mwenyewe. Hayakukauka. Nilijua hayatakauka, mwanamke yeyote wa kwetu angejua. Mbegu iliyotolewa majivu ikatiwa maji haifikirii ndege wala serikali. Niliposhika punje nikaona kimkia cheupe kimechungulia. Nikashika nyingine, nayo vile vile.

Kamio liliondoka na vitu vya watu wengine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maharagwe yaliyoamka.

Masika aliliangalia beseni. Alichukua jembe akaanza kulima uani, kuanzia kwenye kibanda chake mpaka karibu na choo, akang'oa hata maua yangu. “Yameisha amuka,” alisema bila kuinua kichwa. “Tutayaambia nini? Yarudi kulala? Leta hapa.” Yeye akachimba, mimi nikatupia mbegu na kufukia kwa mguu. Nililia, mama. Mvua ilikuwa inanyesha kwa hiyo hakuna aliyeona, lakini nililia kwa sauti. Miaka yote ile ulizibeba ili ziingie kwenye udongo wa Mangina, na mimi ndiye niliyekuwa nikizifukia katika uwanja wa kupanga wa Butembo, katikati ya choo na kamba ya nguo. Siku ile nilikubali kwamba haturudi karibuni. Nilikuzika mara ya pili, na mara ya pili iliniuma zaidi.

Kisha redio ikaleta habari ambayo ilinikosesha raha kuliko zote. Ndege imefika. Serikali ya kule imetoa shukrani zake kwa watu wa Kongo. Masika akasonya akaenda zake. Mimi nilibaki katikati ya jikoni na mfuko mkononi, mtupu, nikiwa nashukuriwa kwa chombo ambacho sijarudisha. Niliona aibu kana kwamba Mama Dengu amesimama mlangoni kwangu, ananiambia asante, na mimi nimeficha kitunga chake nyuma ya mgongo.

Papa Sadiki alipita kesho yake kuniaga. Sasa ana duka la vitenge hapa mjini na bado anafuata vitambaa kule kule. Alikuwa na wasiwasi. Mtu anayemuuzia vitambaa, nyumba yake imepasuka, na familia nzima inalala kwenye hema. Alipouona mfuko juu ya meza alicheka kidogo. “Hii mufuko! Koko alinisumbua nayo mpaka mwisho.” Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Nikamweleza yote, majivu, chafya, mvua. Akanyoosha mkono.

“Lete. Kama iko kidogo, lete ile kidogo.”

Nikageuza bidoni, nikamimina yaliyobaki, na majivu yake safari hii, sikuosha hata punje. Yalikuwa ya kujaza viganja tu. Nikakumbuka chumvi yako kwenye jani. Nikamwambia Papa Sadiki kwamba si lazima mfuko ujae, ila usiende mtupu. “Najua,” alisema. “Hata kwetu ni vile.”

Alirudi juzi. Sikumpa hata nafasi ya kukaa.

Anasema kwenye hema alimkuta mama mzazi wa yule mwuza vitambaa, kikongwe wa umri wako, amejifunika mablanketi mawili na ana jiko dogo miguuni. Akampa mfuko. Akamwambia unatoka kwa mama mmoja wa Kongo, aliyepewa chakula ndani yake wakati alipokimbia vita, na kwamba mfuko ni wao.

“Aliikamata,” Papa Sadiki alinisimulia, “akaangalia bendera, akapapasa vile baliishona pembeni. Akaniuliza kitu moja tu.”

“Aliuliza nini?”

“Aliuliza: huyu mama, alishiba?”

Mama, nikaketi kwenye hiki kigoda chako.

“Na wewe ulijibu nini?”

“Nilisema alishiba, mais dengu yenu iko nguvu sana. Alicheka, alicheka mpaka binti yake akaingia kuuliza kama kuna nini.”

Maharagwe yako waliyapika kesho yake, hapo hapo kwenye hema. Papa Sadiki alikula nao. Kikongwe yule amesema niambiwe kwamba yaliiva haraka sana. Nakuandikia hili nikijua vizuri kwamba utakuwa huvumiliki huko uliko, utawaambia watakatifu wote. Waambie. Wasingya, mama, asante kwa zile siku za njaa ulizoninyima punje moja.

Lakini sikiliza sehemu ambayo hukunitayarishia. Papa Sadiki alipoaga, aliuacha mfuko pale kwao, kama tulivyokubaliana. Alikuwa ameshafika kwenye gari akasikia anaitwa. Kikongwe alikuwa anamfuata kwa fimbo, kati ya mahema, na mfuko kwapani. Akamtia mikononi, akarudi zake bila kueleza neno, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kuelezwa.

Ameutia dengu.

Nimezichambua leo asubuhi kwenye ungo wako, zote, taratibu, na miwani ya kuazima. Hakuna kifungo. Sikutegemea, lakini nilitafuta. Kuna kijiwe kimoja, nimekiweka dirishani. Ndizo hizi zilizo motoni tangu asubuhi, na Masika kila akipita anazibonyeza kwa mwiko na kutikisa kichwa. Bashi yake bado inavuja. Maharagwe ya uani yameshika kamba ya nguo na yametoa maua, na Masika hataki mtu ayasogelee, hata mimi ninayeulipia uwanja kodi.

Nimechoka, mama. Nilidhani nitakuandikia kwamba ile kazi uliyoniachia imekwisha, nikapumzike. Dengu bado ngumu. Mfuko nimeufua, umekauka, na nimeurudisha kwenye msumari.

Lala salama hapa Butembo, mpaka barabara ya Mangina itakapotuamulia vingine.

Ni mimi binti yako, ninayechochea moto wako,
Kavira